Mkono wa Gia wa Kuagiza kwa Ford ya 1931: Tathmini ya Karakana ya Fundi Mmoja Kusini mwa California

Mkono wa gia niliotengenezewa na fundi mmoja wa kusini mwa California ndicho kifaa kilichofanyiwa kazi vizuri kuliko vyote vilivyomo ndani ya gari langu, na ndicho pia kilichonichosha kukingojea kuliko kingine chochote. Fundi huyo hana bango mlangoni wala tovuti. Wateja humjia kwa kuambizana, naye aliniomba nisimtaje jina kwa kuwa foleni aliyonayo inamtosha. Kwa sababu hiyo tathmini hii haitamsaidia mtu kumpata, ila itamfaa yeyote anayefikiria kuagiza kifaa cha namna hii kwa fundi wa kwao, akitaka kujua kazi nzuri inatambulikaje, mahali gani pa kuikagua kabla ya kulipa, na lini fedha hizo ni afadhali zikatumika kwa jambo jingine.

Gari lenyewe ni Ford Model A ya 1931, la umbo la kupe (coupé), lenye milango miwili. Ford ilitengeneza karibu Model A milioni 5 kabla ya kuiachia nafasi Ford ya V8 mwaka 1932, na zilipotoka kiwandani zilikuwa na injini ya silinda nne ya lita 3.3 yenye nguvu za farasi 40, pamoja na giaboksi ya gia tatu isiyo na sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana, ambayo ilimtaka dereva akanyage klachi mara mbili ili meno yasilie. Langu halina tena vitu hivyo. Kama magari mengi ya rika lake yaliyopita katika mikono ya vijana wa California, lilivuliwa vikinga matope vya magurudumu, likashushwa kimo, likawekewa V8 ya Ford ya aina ya flathedi, ile yenye vali ubavuni mwa silinda, ya lita 3.9 na farasi 100, iliyotoka katika gari la mwaka 1950. Hiyo ndiyo hotirodi: gari la kale lililonyang'anywa uzito na kupewa nguvu. Desturi hii ilikomaa katika miaka ya 1930 kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, California, ambako vijana walishindana kwa mwendo, na chama chao cha mashindano, SCTA, kiliundwa mwaka 1937. Hawakuwa na fedha za kununua vipuri maalumu, na vipuri maalumu vyenyewe vilikuwa vichache. Walichukua gari moja bovu wakaliunganisha na jingine. Kila muungano wa namna hiyo huzaa pengo mahali fulani, na pengo hilo mara nyingi hujitokeza pale mkono wa dereva unapokutana na giaboksi.

Kwangu pengo lilizaliwa na giaboksi ya T-5. Hii ni giaboksi ya gia tano iliyobuniwa na Borg-Warner na kuanza kuonekana katika magari ya Marekani mapema miaka ya 1980, na wajenzi wa hotirodi huipenda kwa kuwa ni nyepesi, ina gia ya tano ya kupumzisha injini barabara kuu, na hupatikana kwa wingi. Zipo za namna tofauti. Ile ya Ford Mustang hutoa mkono wake nyuma kabisa, karibu na mkia wa giaboksi, na katika gari fupi kama Model A, ambalo lina inchi 103.5 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, tundu lake lingeangukia chini ya kiti. Ndiyo maana watu hutafuta ile ya pikapu ndogo ya Chevrolet S-10, ambayo mkono wake hutokea mbele zaidi, takriban pale ulipokuwa mkono wa awali wa Ford. Hata hivyo, tundu kuwa mahali pake hakumaanishi kwamba mkono uko mahali pake. Mkono wa kiwandani wa S-10 ulikunjwa kwa ajili ya chumba cha pikapu na viti vyake. Katika kupe yenye kiti kimoja kipana, ukiingiza gia ya pili, ya nne au ya kurudi nyuma, kirungu kinagota kwenye ukingo wa kiti, na abiria wa katikati, akiwapo, analazimika kukaa ubavu.

Soko lina mikono ya kununua iliyo tayari, na ni haki niitaje kabla ya kumsifu fundi. Hurst ni jina ambalo kila Mmarekani mpenda magari analijua, hasa tangu Pontiac GTO ya 1964 ilipouzwa ikiwa na mkono wa Hurst kutoka kiwandani. Lokar ya Tennessee nayo hutengeneza mikono ya giaboksi nyingi, iliyonyooka na iliyopinda, kwa ajili ya magari ya aina hii hasa. Kwa mtu ambaye sakafu yake, kiti chake na usukani wake haviko mbali na vipimo vya kawaida, hakuna sababu ya kwenda mbali zaidi. Mimi nilikuwa na kiti kilichosogezwa mbele na dashibodi iliyoteremshwa na mmiliki aliyetangulia, na nafasi iliyobaki kati ya viwili hivyo haikulingana na mkunjo wa mkono wowote ulioko dukani.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini fundi huyu ni kwamba hakugusa chuma chochote siku ya kwanza. Aliniketisha kwenye kiti, akafunga mlango, akanitaka niweke mguu kwenye klachi na mkono wa kushoto kwenye usukani kama ninavyoendesha, kisha akanitaka nifumbe macho na kunyoosha mkono wa kulia mahali ambapo ningependa kirungu kiwe. Alipima nukta hiyo kutoka sakafuni, kutoka kwenye kiti na kutoka kwenye dashibodi. Baada ya hapo alikunja waya mnene wa kuchomelea ukawa mfano wa mkono, akaubana kwenye kisiki cha giaboksi, kile kipande kifupi kinachochomoza juu yake, na tukaupitisha katika gia zote tano na ya nyuma, mlango ukiwa umefungwa, kisha nikiwa nimeketi na mtu kando yangu. Waya ulikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Fundi anayeanza na kipande cha chuma badala ya waya anakuuzia umbo lake, si lako, na kama kuna ushauri mmoja ninaoweza kumpa msomaji, ni kuuliza mapema kama kutakuwa na mfano wa kujaribu.

Sambamba na umbo kuna hesabu ya nguvu, na hapa ndipo karakana nyingi za urembo hushindwa. Mkono wa gia ni wenzo: kuna mhimili, kuna sehemu ya chini inayosukuma reli, fimbo ya kusogeza gia, ndani ya giaboksi, na kuna sehemu ya juu inayoshikwa na dereva. Chukulia sehemu ya chini ni milimita 50 na ya juu ni milimita 300. Uwiano ni sita kwa moja, kwa hiyo reli ikihitaji kusogea milimita 12 ili gia iingie, kiganja kitasafiri milimita 72. Ukirefusha sehemu ya juu ifike milimita 400, kiganja kitasafiri milimita 96, na nguvu inayotakiwa itapungua kwa robo. Mkunjo haubadilishi hesabu hii hata kidogo, kwa sababu kinachohesabiwa ni umbali wa moja kwa moja kutoka mhimili hadi kirungu, si urefu wa chuma kikinyooshwa. Watu wengi huomba mkono mfupi sana kwa kuwa unaonekana wa mashindano, kisha hushangaa kwa nini bega linauma wakiwa kwenye foleni ya magari Los Angeles. Fundi alinionyesha chaguo mbili kwa waya uleule, akanieleza kila moja itadai nini kwangu, akaniachia niamue. Nilichagua uwiano wa karibu saba kwa moja, nami nimeridhika nao, ingawa rafiki zangu wanaopenda mwendo wa kasi huuona mrefu.

Chuma alichotumia ni cha pua cha daraja la 304, nondo ya unene wa milimita 19, ambayo aliikereza ipungue taratibu hadi milimita 12 upande wa juu. Kupunguza unene namna hiyo kwenye mashine ya kukerezea si kazi ngumu kuielezea: kichwa cha nyuma cha mashine kinasogezwa kando kidogo ili kisu kikate mshazari kadiri kinavyokwenda. Ugumu ni wa chuma chenyewe. 304 huzidi kuwa kigumu kikisuguliwa bila kukatwa, kwa hiyo kisu kikisitasita mahali pamoja kinaacha ngozi ngumu ambayo pasi inayofuata itateleza juu yake. Mashine yake ni South Bend ya zamani, na sijaona alama hata moja ya kisu kusita katika urefu wote wa mkono huo. Nimeukagua kwa taa na kwa ukucha.

Alianza kukereza ndipo akakunja, na mpangilio huo una maana, kwa kuwa chuma kikishakunjwa hakiwezi tena kuzungushwa kwenye mashine. Alikipasha moto kwa gesi ya asetilini na oksijeni hadi kikawa na rangi ya chungwa iliyokoza, akakikunjia kwenye bomba nene lililobanwa katika jiriwa, akilinganisha kila mara na waya uliokuwa umelala mezani. Mkunjo una mapinduko mawili: wa kwanza unaupeleka mkono mbele kukwepa kiti, wa pili unaurudisha kirungu kielekee kwa dereva. Kati ya mapinduko hayo unene unapungua bila kukatika, na jicho halioni mahali mkunjo unapoanzia. Kazi ya msasa ilifuata, kutoka daraja la 120 kupanda hadi 600, kisha gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia. Nilimwomba asiufanye uwe kioo kabisa, akauachia mng'ao wa kijiko kilichotumika sana, ambao hauonyeshi alama za vidole. Hakuna kromu iliyopakwa juu. Chuma cha pua hakiihitaji, na hilo limeondoa wasiwasi wa kromu kubanduka baada ya miaka.

Sehemu ambayo mnunuzi haioni ndiyo iliyostahili fedha zangu zaidi. Mkono haukuchomelewa moja kwa moja kwenye kisiki cha giaboksi. Fundi alitwaa kisiki cha chini cha mkono wa kiwandani, chenye tufe lake la mhimili, akakikata juu ya tufe, akakichomelea ulimi bapa wa chuma cha pua wenye matundu mawili, na mkono wangu unashikwa kwenye ulimi huo kwa bolti mbili za inchi 3/8 za daraja la 8. Faida yake itajulikana siku giaboksi itakapohitaji kushushwa: utafungua bolti mbili, mkono utatoka, na sakafu haitaguswa. Nimewahi kuona hotirodi nzuri sana, iliyoshinda tuzo katika maonyesho, ambayo mkono wake ulikuwa kipande kimoja na giaboksi, na mwenye gari alilazimika kukata zulia na sakafu ili abadilishe klachi.

Kuchomelea chuma cha pua kwenye chuma cha kawaida kuna masharti yake. Fundi alitumia tigi, uchomeleaji wa umeme unaokingwa kwa gesi, na waya wa 309, ambao ndio hutengenezwa kwa kuunganisha vyuma hivi viwili visivyofanana. Ukitumia waya wa chuma cha kawaida, kiungo huwa kigumu na chepesi kupasuka. Kabla ya kuwasha moto alichonga kingo zote mbili ziwe mfano wa herufi V ili kiungo kishike hadi ndani, akatoa kikombe cha nailoni kinachokaa kwenye ncha ya chini, na akalifunga tufe kwa kitambaa kilicholowa. Kikombe hicho ni kidogo na cha bei nafuu, na ndicho kinachoondoa mchezo kati ya mkono na reli. Mkono wa T-5 unaopwaya kama kijiko ndani ya sufuria mara nyingi hauna ugonjwa mwingine zaidi ya kikombe kilichoyeyuka au kulika. Fundi aliweka kipya bila kuambiwa na hakukitoza.

Kitako kinachoshikilia mhimili alikichonga kwa alumini ya 6061, kikiwa na nafasi ya bolti nne zinazokifunga kwenye giaboksi, na ndani yake aliweka bolti mbili za vizuizi, moja mbele na moja nyuma. Naomba msomaji avumilie maelezo kidogo hapa, kwa sababu sijaona fundi mwingine wa mikono ya kuagiza anayejali jambo hili. Ndani ya giaboksi kuna uma unaosogeza kola ya sinkronaiza. Gia ikishaingia, dereva mwenye haraka huendelea kusukuma, na nguvu hiyo yote, ikiwa imezidishwa mara sita au saba na wenzo, huishia kwenye uma ambao haukuumbwa kuibeba. Uma hupinda kidogo kidogo, na baadaye gia huanza kuruka. Bolti za vizuizi huipokea nguvu hiyo kabla haijafika ndani. Namna ya kuzirekebisha ni kuingiza gia ya tatu, kuushikilia mkono bila kuulazimisha, kukaza bolti ya mbele hadi iguse, kisha kuirudisha kidogo na kufunga nati yake. Kwa bolti ya nyuma unafanya vivyo hivyo ukiwa katika gia ya nne. Fundi alifanya hivyo mbele yangu, akailegeza yote, akanipa spana nifanye mwenyewe.

Kirungu ni mpingo. Mti huu ndio ulionifanya nizungumze sana na marafiki wa Kimarekani, ambao wanaujua kama mti wa klarineti na obo bila kujua unakotoka. Nilikuwa na kipande kilichokatwa kwa ajili ya watengenezaji wa ala za muziki, kilichouzwa hapahapa Marekani kikiwa na nyaraka zake. Tangu mwanzoni mwa 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia imekuwa katika orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na anayepanga kubeba gogo la mpingo kutoka Lindi au Mtwara ndani ya begi ajiandae kulipoteza uwanja wa ndege. Fundi hakuwahi kuufanyia kazi mti huu na alikiri hivyo. Alijaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, akagundua yale ambayo wachongaji wa Kimakonde wangemwambia mapema: mpingo hukatika vizuri kama chuma laini, lakini ukiutoboa kwa pupa unapata joto na kupasuka, na mafuta yake huikataa gundi. Alitoboa polepole akiitoa keekee kila mara, akaufuta ndani kwa asetoni, ndipo akagundisha kwa epoksi kiini cha metali chenye hesi. Umbo ni la yai lililobanwa juu kidogo, na linajaa kiganja bila vidole kutafuta pa kushika. Asubuhi ya baridi mti hauumi mkono kama alumini inavyouma, na mchana wa Julai hauunguzi. Ninajua wapo wanaopenda fuvu, mpira wa biliadi namba nane au spana iliyokunjwa juu ya mkono wa gia. Mapambo hayo yana historia yake katika hotirodi na sina ugomvi nayo, ila nimeyashika machache yanayofaa kushikwa kwa saa nzima.

Hesi za kirungu ni za inchi 3/8 zenye meno 16 kwa inchi, kipimo kilichozoeleka Marekani. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi waliozoea kubadilisha virungu vya Toyota, ambavyo hutumia M12 kwa 1.25, watambue kwamba havitaingia.

Barabarani mkono huu umebadilisha gari. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kiganja kinashuka kwa mstari ulionyooka, kiwiko kikiwa karibu na mwili, na hakuna kinachogota. Mlango wa gia ya tatu unapatikana kwa kuuachia mkono ujirudishe katikati, jambo ambalo hapo awali lilihitaji kubahatisha. Kelele ya gia kuingia ni ya chini na ya mara moja. Nimeliendesha hadi Pomona kwenye gulio kubwa la vipuri vya magari ya kale, safari yenye msongamano wa kutosha kumfanya mtu amchukie fundi wake, na sikupata sababu ya kumchukia.

Sababu nyingine nilikuwa nazo. Kazi ilichelewa kwa miezi kadhaa kupita muda tuliokubaliana, na katika kipindi hicho simu haikupokelewa kwa urahisi. Fundi anafanya kazi peke yake, na akiwa kwenye mashine hapokei, akitoka kwenye mashine husahau kupiga. Hakuna mkataba wa maandishi wala dhamana ya maandishi. Stakabadhi niliyopewa iliandikwa kwa mkono na ina neno moja la kuelezea kazi yote, kiasi kwamba kampuni ya bima ilipotaka orodha ya thamani ya vifaa vya gari nililazimika kuandika maelezo yangu mwenyewe na kuambatanisha picha. Niliomba pia mchoro wa vipimo ili siku mkono ukipotea au kuibwa uweze kutengenezwa mwingine, nikaambiwa kwamba mchoro ni ule waya. Kwa bahati waya ninao.

Kuna na mtetemo. Mikono mingi ya kiwandani ina mpira mahali fulani katikati yake, ambao humeza mtikisiko wa giaboksi, na fundi huyu hapendi mpira kwa kuwa hupunguza uhakika wa mguso. Matokeo yake ni kwamba injini inapopita mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, mkono unavuma kwenye kiganja, na kirungu cha mti, ambacho ni chepesi kuliko cha chuma, hakiutulizi. Niliporudi kulalamika alitengeneza bushi nyembamba za poliyurethani akaziweka kwenye zile bolti mbili za ulimi, bila malipo na bila kununa. Mvumo umepungua sana lakini haujaisha. Kwa gari la matembezi ningemshauri mteja aombe bushi hizo tangu mwanzo. Kwa gari la mashindano, aziache.

Kazi ya ngozi ndiyo dhaifu kuliko zote. Mfuko unaoziba tundu la sakafu ulishonwa na mtu aliyepewa kazi hiyo nje ya karakana, mshono wake ulikuwa umepinda upande unaoonekana, na fremu yake ilikuwa ndogo kuliko tundu, hivyo joto la giaboksi na harufu ya mafuta vilikuwa vinapanda ndani. Niliupeleka kwa fundi viti mwingine akaurudia wote. Nisingeiingiza ngozi katika agizo hili tena. Jambo dogo la mwisho ni kwamba kirungu hakina ramani ya gia. Mimi siihitaji, ila kila anayenisaidia kuliegesha gari huanza kwa kuitafuta ya kurudi nyuma mahali ilipokuwa katika Ford za zamani, juu kushoto, ambapo T-5 ina gia ya kwanza. Mtu mmoja nusura aligongeshe ukutani.

Bei ilikuwa dola 900 na kidogo, bila ngozi. Mkono mzuri wa dukani kwa kawaida haufiki nusu ya kiasi hicho, na tofauti hiyo haitarudi siku ya kuuza gari, kwa kuwa mnunuzi wa hotirodi hutazama injini, rangi na chesisi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama tatizo lako ni la nafasi au la sura. Aliye na mkono unaofika pale unapotakiwa, na anachotaka ni upendeze, anunue kirungu kizuri na abaki na fedha zake. Aliye na kiti, sakafu na giaboksi visivyoelewana, kama mimi, atatumia fedha nyingi zaidi akinunua mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu kuliko akilipa mara moja. Kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki nitaongeza kwamba hakuna hatua hata moja niliyoieleza inayohitaji mashine ambayo haipo katika karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au za Nairobi. Wakerezaji na wachomeleaji wa huko hufanya kazi ngumu kuliko hii kila siku kwa ajili ya malori. Kinachoweza kukosekana ni waya wa 309 na uvumilivu wa kukaa na mteja ndani ya gari mlango ukiwa umefungwa, na vyote viwili vinaweza kudaiwa kabla ya kutoa malipo ya awali.

Nikimpa alama, kazi ya chuma inastahili 9 kwa 10, kirungu 10, mawasiliano 4, na ngozi 2. Anadai nusu ya malipo mwanzoni na nusu siku ya kukabidhi. Hakubali kufanya kazi kwa vipimo vilivyotumwa kwa barua wala kwa picha. Gari lazima lije lenyewe, likiwa na kiti kitakachotumika na giaboksi ikiwa imefungwa mahali pake, na mwenye gari aje amevaa viatu anavyoendeshea. Nimekwisha kumpelekea agizo la mkono wa breki ya kuegeshea, na safari hii nimeandika tarehe kwenye karatasi, naye ameitia saini.